Uso Wako Kwenye Mnada

Mayi Naliaka,

Mmeenda kanisani na mama yako kuombewa safari, na mimi nimesingizia goti. Goti halina neno. Nimebaki kwa sababu kuna jambo nimelikimbia karibu mwaka mzima, na nilijua nikikaa pale benchi ya mbele, mchungaji aniwekee mkono begani na kunipongeza kwa kulea mtoto vizuri, ningetamani ardhi inimeze. Kwa hivyo nimechukua kalamu moja katika zile ulizofunga kwenye begi, nimeketi mezani, na ninaandika. Mdomo nimeshaujaribu tangu wiki ianze. Umekataa.

Mambo ya blanketi, sufuria, mafuta ya taa na marafiki wa kuepuka, mama yako ameyamaliza. Nimemsikia akikufundisha hata kukunja soksi, na wewe umekunja soksi tangu darasa la pili. Huko sina la kuongeza.

Langu ni hili. Kesho unaenda kuanza chuo cha uuguzi Bungoma, na chumba tumekupangia Kanduyi. Hapo Kanduyi kuna mama mjane anaitwa Mama Khisa, anauza kuku na mayai kando ya barabara. Hamjawahi kuonana. Lakini yeye uso wako anaujua, na anaamini ulimsaidia mtu kumtapeli. Mtu huyo ni mimi. Uso wako niliuweka mimi kwenye mnada wa kwenye simu, bila kukuuliza, na sitaki uende ukutane na huyo mama barabarani kabla hujasikia kutoka kwangu.

Sasa nivumilie, maana nitaanzia mbali kidogo.

Unajua sifa ya baba yako hapa Matisi. Watu wanaleta gunia la mahindi kwa mashine yangu ya kusaga, wanaliacha, wanaenda zao sokoni Kitale, wanarudi jioni kuchukua unga bila kupima. "Kwa huyo mzee hata ukisahau pochi utaikuta." Nimeyasikia hayo maneno miaka mingi, na nikuambie ukweli, nilikuwa nimeyanenepea. Niliyapenda kuliko chakula. Mtu akizoea kuitwa mwaminifu, anafika mahali anaogopa kupoteza hilo jina kuliko anavyoogopa kukosa uaminifu wenyewe. Hivyo ni vitu viwili, na mimi nilikuwa sijui.

Unakumbuka jirani yetu aliponunua televisheni kwa simu, likaletwa kasha limejazwa matofali ya udongo? Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ulikuwa umesimama hapo na beseni la nguo. Nilikuambia, "Mayi, mtu wa kuibiwa kwa simu ni yule ambaye tayari ni mjinga, mwizi anakuja kumthibitishia tu." Yule mzee alinisikia. Aliingiza matofali yake ndani. Hayo maneno yangu yalikuja kunikaa kooni baadaye, utaona.

Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nimeshaingia kwenye lile kundi la mnada. Unalijua, ulikuwa unanisaidia kulisoma nikiwa sina miwani. Jumamosi jioni msimamizi anaweka picha ya kitu kilichotumika, watu wanaandika dau, wanapandishiana, kisha anaandika "mara ya kwanza, mara ya pili, imeenda!" na kuweka alama ya nyundo. Aliyeshinda anaongea na mwenye mali pembeni. Kundi halimjui muuzaji, halimjui mnunuzi. Linajua nyundo tu.

Kitu cha kwanza nilichoshinda ni ile pampu ya maji. Mwenyewe alikuwa mkulima wa Kapsokwony, mtu wa mlimani ambaye lugha yetu hata salamu haijui, na mimi yake siijui. Sikumwamini hata kidogo. Nilipanda bodaboda mpaka huko juu, ile barabara inayokufanya umshike dereva kiuno kama mtoto, nikafika na uso umekunjika. Nikamwambia sitoi shilingi mpaka niione ikivuta maji. Hakukasirika. Alibeba pampu mpaka kijito, akaweka petroli yake mwenyewe, akaiwasha. Nikaiinamia, nikaipapasa kila nati, nikanusa mpaka oili. Nilikuwa namdharau kabisa, na yeye ananishikia mpira wa maji nisilowe. Nilipomaliza, akasema kwa kile Kiswahili chake cha polepole, "Mzee, hujaangalia hapa chini. Hapa inavuja. Ukiinunua, weka raba mpya, la sivyo itakusumbua." Akanipunguzia bei bila mimi kuomba. Ile pampu mpaka leo inanywesha sukuma wiki za mama yako.

Nilipaswa kujifunza pale. Nilipaswa kuona kwamba mtu mwenye kitu kizuri haogopi ukikague, tena anakuonyesha mahali pabovu. Badala yake nilishuka mlima nikijisifu. Nikasema mimi nina jicho, mimi siwezi kutapeliwa.

Halafu ikaja ile mashine ya kuangua vifaranga.

Unakumbuka tulivyoitaka. Mama yako alikuwa na kuku wa kienyeji wazuri, na wewe ulikuwa umemaliza shule, unangoja kuitwa chuo, umekaa nyumbani mwaka mzima ukisema "Papa, nipe kitu cha kufanya, nitaoza." Nikaiona picha Jumamosi moja. Mashine safi, kioo mbele, trei zinang'aa. Nikapandisha dau, nikapandishiwa, nikapandisha tena, moyo unadunda kama niko kwa mpira Kanduyi pale uwanjani. Nyundo ikagonga kwangu.

Nikamwandikia muuzaji nikiwa na akili zangu zote. Nikamwambia nitamtuma mtu aione ikiwa imewaka usiku mzima, ndipo nilipe. Akanipigia simu. Akaanza na mulembe, salamu yetu, akaingia Kibukusu kile cha ndani ambacho hata mimi nimeanza kukisahau mjini huku. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, wa upande gani. Nikajibu. Akaniuliza nilitahiriwa mwaka gani. Nikajibu hilo pia, mdomo wazi, kama mtu anayefunguliwa mlango. Akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. "Bakoki! Kwani tumekuwa tukiandikiana kama wageni na sisi ni bakoki?"

Wewe ni msichana, umeona ya nje peke yake. Umeona wazee wawili wakitukanana sokoni na kucheka, mmoja anakula kwenye sahani ya mwenzake bila kukaribishwa, na ukaambiwa hao ni bakoki, walitahiriwa msimu mmoja. Ya ndani ni mazito zaidi. Mliosimama msimu mmoja mbele ya kisu mmekuwa ndugu mpaka kaburini. Bakoki akija kwako usiku unaamka. Akikuomba hufungi mkono. Na kumshuku bakoki wako, kumkagua kama mwizi, hiyo ni aibu yako wewe, si yake. Nimelelewa hivyo na sioni ubaya wake hata sasa. Ubaya ni kwamba yule mtu alijua kwamba nimelelewa hivyo.

"Bakoki, sasa unatuma mtu kunipeleleza?" akaniuliza, sauti imeshuka kama ya mtu aliyeumizwa. Na mimi nikamwomba msamaha. Mimi huyu! Nilimwomba mwizi msamaha kwa sababu nilitaka kuona mashine. Nikamtumia pesa yote jioni hiyo hiyo, tena nikaongeza ya soda.

Mashine ililetwa. Tuliichomeka, ikawaka, ikapata joto, sote tukapiga makofi. Mayi, furaha yako ya siku ile ndiyo inayofanya kalamu hii iwe nzito. Ulichora msalaba mdogo kwa penseli kwenye kila yai ili ujue upande gani umegeuza. Asubuhi unageuza, jioni unageuza. Ukakataa hata kwenda harusi ya binti wa shangazi yako kwa sababu ya mayai. Nikakupiga picha umesimama kando ya mashine, nywele zimesukwa nusu, mayai mikononi, unacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Nilisema moyoni, huyu mtoto akipewa kitu chenye uhai, atakitunza.

Wiki tatu zikapita, ikapita ya nne. Hakuna kifaranga. Kisha ile harufu. Mama yako alipasua moja nyuma ya jikoni akatapika.

Nilimwita fundi ukiwa umeenda kuteka maji. Akafungua mgongo wa mashine, akatoa kile kidude kinachopima joto, akanionyesha kimebandikwa kwa gundi. "Mzee, hiki kimekufa zamani. Mashine inapata joto kidogo ukiiwasha, halafu usiku inalala. Mwenye kukuuzia alijua." Nikaenda nyuma ya choo kumpigia yule mtu. Alikuwa bado na ile sauti tamu. Nikamwuliza swali moja: asubuhi ile ya kutahiriwa, tulipotoka mtoni kupakwa matope, nani alikuwa mbele akituimbia? Kila mtu wa msimu wetu anajua, hata akiwa mlevi wa kulala mtaroni. Yule mtu akacheka, kicheko cha kijana mdogo, mtoto wa juzi, akakata simu. Sikumpata tena.

Nilirudi mbele ya nyumba nikiwa na maneno yote mdomoni. Nilikuwa na nafasi. Ningesema tu, "Nimeibiwa." Neno moja! Lakini nikamwona yule jirani wa matofali ameegemea ua wetu, anauliza vifaranga viko wapi, na mama yako amesimama na beseni la mayai mabovu anauliza imekuwaje. Nikafungua mdomo nikasema, "Mniulize mimi? Muulizeni Naliaka. Si yeye huchomoa waya akitaka kuchaji simu."

Ndiyo, mwanangu. Nilisema hivyo nikijua. Fundi alikuwa hata hajafika kwenye lami.

Ulikuwa ndiyo kwanza unatua maji, ukasema, "Papa, sikuchomoa." Nikakukaripia mbele ya jirani. Nikakuita mzembe, nikakuita kichwa maji, nikasema mtu hawezi kukuachia kitu. Ulilia pale kwenye ngazi. Na mimi ningeweza kulala usiku huo kama ungeendelea kukataa, kama ungenichukia. Lakini baada ya chakula ulikuja, ukapiga magoti ukanawisha mikono yangu kama kawaida, ukasema, "Papa, nisamehe. Labda nilichomoa nikasahau. Sikumbuki." Ulikubali kosa ambalo hukulifanya, kwa sababu aliyekushtaki ni baba yako, na baba yako huwa hasemi uongo. Mji mzima unajua.

Nilikusamehe. Hilo ndilo linanitia kichefuchefu kuliko yote. Nilikuwekea mkono kichwani nikakusamehe.

Tangu siku hiyo nimekuona. Jirani akikupa mtoto umbebe, unasema, "Hapana, mimi huangusha vitu." Barua ya chuo ilipofika, ukaisoma mara mbili, ukasema, "Papa, mimi na mikono hii, ati nishike wagonjwa?" Mama yako akacheka, ndugu zako wakacheka, na mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Ulitaka kukataa kwenda, najua. Uliniambia labda utafute kazi ya duka kwanza. Nikakulazimisha uende na sikukuambia kwa nini nina hakika unaweza.

Ungedhani hapo nimefika mwisho wa ubaya. Bado.

Ile mashine ilikuwa imekaa kwenye kona ya sebule, kila nikiiona inanisuta. Nikasema iondoke. Ningeiuza kwa fundi kama chuma chakavu. Lakini kulikuwa na hasira ndani yangu, Naliaka. Nilikuwa nimeumwa nikataka kuuma. Nikairudisha kwenye mnada ule ule, nikaandika "inafanya kazi vizuri, sababu ya kuuza ni kuhama." Picha niliyoweka ni ile yako. Niliiangalia kabla ya kuituma. Nilijua kabisa inafanya nini. Mashine peke yake ilikuwa sanduku tu, lakini mashine na wewe kando, unacheka, mtu yeyote angeitaka.

Aliyeshinda ni Mama Khisa. Akaniuliza, "Ndugu yangu, ni ya kweli? Mimi ni mjane, sina mtu wa kuja kuniangalizia." Nikamwandikia "Bwana asifiwe, mama, mimi ni mtu wa kanisa." Akajibu, "Amina. Na huyo msichana ni wako? Ana uso wa ukweli. Kwa ajili yake sitauliza zaidi." Nikaifunga mashine kwa magunia yangu ya unga, yale yenye alama ya kinu chetu, nikaituma Bungoma.

Mwezi ukaisha. Akapiga simu. Nilidhani atanitukana, nikajikaza. Badala yake akaongea kwa upole, ati ananiomba nimweleze amekosea wapi. "Labda mimi sikuelewa, baba. Labda nilifungua kioo mara nyingi. Mayai mengine hayakuwa yangu, majirani walinipa, sasa sijui nitawaambia nini." Anajilaumu! Kama wewe. Na mimi nikamjibu, "Labda ni stima, mama. Huko kwenu stima hupotea sana." Akashukuru. Akatafuta mayai mengine, akajaribu tena.

Mara ya pili hakupiga. Alituma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi mpaka ninaujua. Anasema, "Fundi ameniambia. Sitaenda polisi, sina nguvu hiyo. Pesa nitaisahau. Lakini majirani wanasema mimi niliuza mayai yao nikadanganya kwamba yameoza. Na yule msichana, baba, nilimwamini. Kila nikiona msichana wa umri huo anacheka sasa, najiuliza anauza nini."

Nilifunga namba yake isinifikie. Nikatoka kwenye kundi la mnada. Nikaendelea kusaga unga wa watu, na wao wakaendelea kuacha magunia yao bila kupima.

Mchana mmoja kijana wa pikipiki kutoka Bungoma alileta mahindi, akaona yale magunia yenye alama yetu, akaniambia, "Mzee, hii alama nimeiona kwa mama mmoja anayeuza kuku kando ya barabara Kanduyi, gunia lake amewafunikia kuku." Nikamwambia magunia huzunguka. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Ndipo wiki hiyo hiyo mama yako akaja na furaha kwamba amepata chumba kizuri cha bei nafuu, Kanduyi, karibu na barabara. Sikupata sababu ya kukataa ambayo isingekuwa uongo mwingine, na nilikuwa nimechoka na uongo.

Sasa mtu kama mimi atakushauri nini kuhusu wageni? Nimefikiria jioni hii, nikacheka peke yangu. Nitakuambia tu yale niliyoyaona, uchukue yatakayokufaa.

Utanunua vitu vilivyotumika, hiyo haiepukiki. Mwanafunzi hana pesa ya vipya. Utanunua simu, meza, labda godoro, na utanunua kwa watu usiowajua, kwa picha. Taka kukiona kikifanya kazi, na kama ni kitu cha kufanya kazi usiku, kione usiku. Mwenye kitu akinuna kwa sababu umetaka kukiona, mwache na kitu chake. Yule wa Kapsokwony alinishikia mpira nikimkagua. Yule aliyeniita bakoki aliumia moyo kabla hata sijaanza. Jihadhari na mtu anayeharakisha kuwa ndugu yako pesa ikiwa bado mfukoni mwako. Atakuita dada, atataja ukoo, atataja kanisa, hata atakuimbia pambio. Undugu wa kweli hauna haraka hiyo, wala haukwazwi na swali.

Lakini pia sitaki uende na moyo wa jiwe. Nilijaribu huo baada ya kuibiwa, na haukunilinda, ulinifanya nimwibie mjane. Wengi utakaokutana nao huko ni kama yule mkulima wa pampu. Utawadharau kwa sababu hawajui salamu zako, na wao watakuonyesha mahali panapovuja.

Na ukitapeliwa, maana kuna siku utatapeliwa hata uwe mwerevu namna gani, nakuomba kitu kimoja tu. Sema siku hiyo hiyo. Nipigie mimi, mpigie mama yako, waambie wenzako chumbani, wacheke, washike ukuta wakicheka. Kicheko kinaisha kwa siku mbili. Mimi sikutaka kuchekwa na jirani mmoja mwenye matofali, na angalia nilichofanya ili asinicheke. Nilimtafuta mjinga mwingine wa kubeba ujinga wangu, na nikakupata wewe, halafu nikampata Mama Khisa. Yule mwizi alichukua pesa tu. Haya mengine yote ni yangu.

Nikuambie nilivyopanga mwanzoni, usije ukadhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Nilipokaa kuandika nilikuwa na bahasha hapa mezani. Nimeuza yule ndama wa kahawia, mama yako anadhani ni kwa ajili ya karo, na pesa ya huyo mama imo ndani. Barua hii ilikuwa imalizike kwa kukuomba umpelekee. Nilikuwa nimeshatafuta hata maneno: ati wewe ni kijana, utaeleweka, ati akikuona ana kwa ana moyo wake utalainika. Nimeandika nusu ya sentensi, nimeikata, ndiyo hiyo unayoiona imefutwa hapo juu. Nilikuwa nakutuma tena. Nilitaka usimame mlangoni kwa yule mama na uso wako, na mimi nimekaa Matisi nasaga unga. Haki ya Mungu, mtu anaweza kuandika kurasa zote hizi za aibu na bado akarudia jambo lile lile kwenye ukurasa wa mwisho.

Kwa hivyo hubebi bahasha yoyote. Kesho sitakuaga stendi, nitasafiri nawe. Tukishaweka vitu chumbani, utabaki na dada yako, atakayetusindikiza, mkipanga kitanda, mimi nitamtafuta Mama Khisa pale anapouzia. Nitaongea naye mbele ya majirani wake waliompa mayai, kwa sauti, maana wao ndio wanaomwita mwongo. Akinimwagia maji ya kuku, yatanilowesha tu. Akinipigia kelele mpaka Bungoma nzima ijae, nitasimama hapo. Naogopa, sitakuficha.

Hujui bado utanionaje ukimaliza kusoma, na mimi sijui. Labda utanyamaza safari nzima. Labda hutaniita Papa kwa muda. Sitakuharakisha, wala sitakuuliza kama umenisamehe. Nimekuita mayi, yaani mama, tangu ulipozaliwa kwa sababu una jina la mama yangu, na mama yangu asingenisamehe upesi kwa hili, wala asingekosea.

Wagonjwa watakuja mikononi mwako, Naliaka. Watakuja bila kukujua na watakuamini kwa sababu hawana la kufanya. Washike. Kwa muda wote ule uligeuza yale mayai asubuhi na jioni na hukukosa hata mara moja. Mimi nilikuwa nikikuona.

Nasikia lango. Mmerudi, na mama yako anacheka kitu ulichomwambia. Yeye bado anaamini ni wewe uliyechomoa ule waya, na bado anawasimulia wageni kama mchezo. Nitakupa barua hii baadaye, uisome mbele yangu. Lakini kwanza naweka kalamu chini, nakuja hapo mlangoni, na kabla hamjavua viatu nitamwambia mama yako wewe ukisikia: haikuwa Naliaka.

Baba yako.